Kuhamia Linux: Kazi Iliyosahauliwa na Idara za Kiswahili

Katika vyuo vyetu mjadala wa kuacha Windows na kutumia Linux umekuwa ukiendeshwa na mafundi wa kompyuta na wahasibu. Mafundi husema kwamba Linux haisumbuliwi sana na virusi. Wahasibu husema kwamba haina ada ya leseni. Sisi walimu wa lugha tumekaa kando kana kwamba jambo hili halituhusu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba linatuhusu sana, na kwamba hoja ya lugha ina uzito kuliko hoja zote mbili zilizotajwa.

Suala hili limekuwa la dharura kutokana na tarehe moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, prosesa ya miaka ya karibuni na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za vyuoni, hasa zile za msaada, hazitimizi masharti hayo. Mashine ni nzima, kibodi inaandika na skrini inaonyesha, ila mfumo endeshi mpya unaikataa. Idara yenye kompyuta za namna hiyo ina njia tatu: kununua mpya, kuendelea na mfumo ambao ulinzi wake umekwisha au ni wa kuongezewa muda tu, au kubadilisha mfumo. Linux Mint, kwa mfano, huweza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na Linux, inafaa kueleza kidogo asili yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Leseni yake, iitwayo GPL, inamruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza, mradi naye asiwanyime wengine haki hizo hizo. Ndiyo maana leo kuna Linux za aina nyingi: Debian tangu 1993, Ubuntu tangu 2004, Mint tangu 2006, na nyinginezo.

Kasoro zisifichwe

Watetezi wengi wa Linux huisifu kama muuza dawa sokoni. Haki inatutaka tuanze na kasoro. Microsoft Office haikutengenezwa kwa ajili ya Linux, hivyo mtumiaji hutegemea LibreOffice, au Office ya mtandaoni ikiwa intaneti ipo. LibreOffice hufungua hati za Word, lakini hati yenye majedwali mengi au vichwa vya kurasa vilivyopangwa kwa ustadi huweza kuvurugika. Fonti za Times New Roman na Calibri kwa kawaida haziji pamoja na Linux; mahali pake huwekwa Liberation Serif na Carlito, ambazo herufi zake zina upana uleule ili mistari isihame. Mwanafunzi anayepeleka tasnifu yake kuchapwa mjini, ambako kila duka lina Windows, afadhali aipeleke katika muundo wa PDF. Aidha, baadhi ya printa na vifaa vya mtandao usio na waya huhitaji viendeshi ambavyo havipatikani kwa urahisi. Idara isiyo na fundi wa kuvitafuta itapata taabu.

Kwa upande mwingine, kazi za kila siku za mwalimu hazina shida kubwa. Kuandika mhadhara, kujaza alama, kusoma barua pepe, kuonyesha slaidi kwa projekta na kusoma majarida mtandaoni, vyote hufanyika vizuri. Flashi zinazozunguka kutoka mkono hadi mkono zikiwa zimebeba virusi vya Windows, kwa kawaida haziidhuru kompyuta ya Linux. Huu ni unafuu ambao mwalimu yeyote aliyewahi kupoteza maswali ya mtihani atauthamini.

Kompyuta kama matini

Hata hivyo, hayo yote ni mambo ya chombo. Sisi ni watu wa lugha, na kompyuta ni matini. Kila menyu, kila onyo na kila swali kwenye skrini ni sentensi iliyoandikwa na mtu. Mwanafunzi wetu huzisoma sentensi hizo kila siku, pengine kuliko anavyosoma riwaya tulizompangia. Je, ni nani amewahi kuzihakiki?

Tuchukue mifano michache. Amri ya kurudisha nyuma kitendo cha mwisho imepewa neno "tendua". Hili ni neno zuri mno. Limeundwa kwa kiambishi kilekile kinachotupa "fungua" kutoka "funga", na wanasarufi wetu huiita kauli hiyo kwa jina hilohilo, kauli ya kutendua. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko hahitaji mfano bora zaidi. Kinyume chake ni neno "chapisha", lililozoeleka kwa amri ya kutoa nakala kwenye printa. Neno hili lina kazi nyingine nzito ya kutoa kitabu kwa umma, na siku hizi hutumika pia kwa kuweka maandishi mtandaoni. Mtumiaji anayebonyeza "chapisha" ana haki ya kujua kama anatoa karatasi moja au anautangazia ulimwengu. Neno "chapa" lingemtoa katika utata huo.

Tatizo kubwa zaidi liko katika ngeli. Mara nyingi ujumbe wa Kiingereza huwa na pengo ambamo kompyuta huchomeka jina la kitu kilichofutwa, na kitenzi kilekile hufaa kwa nomino zote. Kwa Kiswahili pengo hilo ni mtego: faili limefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa. Mfasiri aliyefungwa na pengo moja huandika "imefutwa" na kuziacha ngeli zikilia.

Hapa ndipo tofauti ya Linux na Windows inapoonekana. Tukilinganisha ukamilifu wa tafsiri peke yake, Windows haishindwi. Microsoft imekuwa ikitoa vifurushi vya Kiswahili tangu enzi za Windows XP, ilhali anayechagua Kiswahili katika mazingira ya GNOME hukuta menyu nyingi bado ni za Kiingereza. Lakini tafsiri ya Windows ni mali ya kampuni. Mwalimu akiona kosa la upatanisho anaweza kulalamika tu, kisha asubiri. Katika Linux jumbe za programu nyingi huhifadhiwa katika faili za maandishi ya kawaida, Kiingereza juu, tafsiri chini yake. Yeyote mwenye subira anaweza kuzifungua, kusahihisha na kuwasilisha masahihisho yake kwa wanaozitunza. Anaweza hata kuwaomba waandishi wa programu waugawe ujumbe mmoja kuwa kadhaa ili kila ngeli ipate haki yake.

Funzo la Dar es Salaam

Kazi hii si ndoto. Mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Ilikuwa programu kamili ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na iligawiwa bure. Ulikuwa ushindi wa kweli kwa lugha yetu.

Ila programu si kitabu kinachochapwa mara moja kikawekwa rafu. Kila toleo jipya huleta jumbe mpya. Mwaka 2010 OpenOffice ilizaa LibreOffice, nayo ikaendelea kukua. Tafsiri isiyopaliliwa kila msimu humezwa na magugu, na magugu yenyewe ni Kiingereza. Mradi una mwisho kwa sababu fedha zake zina mwisho. Idara ya Kiswahili haina mwisho wa namna hiyo: kila mwaka hupokea wanafunzi wapya, kila mwaka hufundisha tafsiri na istilahi, na kila mwaka hutafuta mazoezi ya kuwapa.

Kikagua tahajia ni mfano mwingine. LibreOffice huja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili, lakini vitenzi vyetu hubeba viambishi vingi kiasi kwamba orodha ya maneno haiwezi kuvimaliza. "Hatukuwaandikia" ni Kiswahili safi. Kikagua tahajia kisicho na kanuni za kutosha hukipigia mstari mwekundu. Mwanafunzi anayeona mistari hiyo kila ukurasa huanza kuitilia shaka lugha yake badala ya kuitilia shaka kompyuta. Orodha hiyo na kanuni zake ni faili za maandishi. Darasa la mofolojia linaweza kuzirekebisha, tena hata kwenye Windows, kwa kuwa LibreOffice hufanya kazi huko pia.

Kwa sisi wa Uganda kuna deni la ziada. Linux hutumia faili dogo la maandishi linaloieleza kompyuta majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, na sarafu ya nchi. Kwa miaka mingi orodha ya mafaili hayo imekuwa na Kiswahili cha Kenya, Kiswahili cha Tanzania, na kwa Uganda imekuwa na Luganda, bila Kiswahili cha Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Tamko hilo halikugharimu kompyuta chochote. Kuliandika faili la Kiswahili cha Uganda ni kazi inayoweza kufanywa na kundi dogo la wanafunzi katika muhula mmoja.

Maoni yangu ni haya. Idara zisihamie Linux kwa sababu ni ya bure tu, kwani kilichopatikana bure huachwa siku msaada wa kompyuta mpya unapofika. Zianze na LibreOffice kwenye mashine zilizopo, kisha zitenge kompyuta chache zilizokataliwa na Windows 11 ziwe za Linux. Kozi ya tafsiri ipewe jumbe mia moja kila muhula, zijadiliwe darasani, zihakikiwe na mwalimu na ziwasilishwe. Idara ikifanya hivyo, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataacha alama yake katika lugha ya mashine anayoitumia. Isipofanya hivyo, itakuwa imebadili rangi ya skrini tu, na Kiswahili kitabaki mgeni katika kompyuta za Idara ya Kiswahili.