Nani Alilia, Nani Alishangilia: Kusoma Habari za Kurudi Kanisani

Katika vikundi vya vijana ninavyosaidia hapa Koboko, habari inayopendwa sana ikisomwa kwa sauti ni ya kurudi kanisani. Mtu anavuka Oraba, anapita Kaya, anafika Yei au kijiji cha karibu, anaingia kanisa la Episkopali alikobatizwa, ambalo hajaliona tangu vita vya 2016. Anagusa ukuta, analia, anaimba, basi, habari imekwisha. Watu wanapiga makofi, na mimi napiga. Lakini tukizisoma kama maandishi, nyingi zina kasoro moja: nyumba tunaiona, watu hatuwaoni.

Naomba tuzipime kwa habari ya kurudi ambayo karibu wote tunayo ndani ya Biblia zetu: Ezra, sura ya 2 na ya 3. Watu wanatoka uhamishoni Babeli, wanarudi Yerusalemu kwenye nyumba ya Mungu iliyobomolewa.

Kwanza, mwandishi haanzi na nyumba. Anaanza na orodha! Sura nzima ya majina na hesabu: watu 42,360, waimbaji 200 wanaume kwa wanawake, punda 6,720. Vijana wangu huruka sura hiyo, ati inachosha. Mimi naona sisi ndio tungeielewa kuliko wote, maana tunajua foleni ya kuhakikiwa ni nini. Ndani yake kuna watu waliotafuta majina yao katika vitabu vya ukoo, hayakuonekana, na wengine wakazuiwa kazi ya ukuhani. Hilo mwandishi hakulificha ili habari iwe tamu. Insha zetu hazina orodha. Nani alibaki akifagia kanisa? Nani amezikwa nyuma yake? Msomaji anamaliza bila kujua.

Pili, soma vizuri mpangilio wa sura ya 3. Wanajenga madhabahu wakiwa bado na hofu ya watu wa pande zile, wanaanza kutoa sadaka, na msingi wa hekalu bado haujawekwa. Ibada ilitangulia nyumba. Sasa linganisha na sentensi ninayoikuta karibu kila insha: huku Uganda tunasali kwa muda tu, kanisa la kweli liko kule. Jamani, mtoto aliyebatizwa chini ya turubai, aliyejifunza ngoma chini ya mwembe, anaisikia sentensi hiyo vipi? Anaambiwa kwamba alichonacho si kitu. Mwandishi anasifu kanisa alilolipenda, ni haki yake, ila anamnyang'anya mdogo wake la kwake.

Tatu, na hapa ndipo Ezra anatushinda kabisa. Msingi ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti, na wengine wengi wakapiga kelele za furaha. Sauti zikachanganyika, mtu hakuweza kutofautisha kilio na shangwe. Mwandishi haamui nani yuko sawa. Hasemi wazee wanazuia baraka, wala hasemi wale wengine hawajui walichopoteza. Anaziacha sauti zote mbili zisikike mbali. Insha zetu zina sauti moja, ya aliyekumbuka. Dada yake mdogo aliyefuatana naye, akasimama mlangoni bila kukumbuka chochote, hapewi hata mstari.

Walimu wa jambo hili tunao jirani. Amin alipoanguka mwaka 1979, na hasa mapigano yalipofika huku mwishoni mwa 1980, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Sudan na Zaire. Barabara ileile ya Kaya, ila wao walikuwa wanaelekea Yei. Hili ni eneo ambako wamisheni wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, eneo lililomtoa Silvanus Wani, Mkakwa, aliyekuwa askofu mkuu wa Kanisa la Uganda tangu 1977. Wakimbizi wale walirudi kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Kabla hujaandika insha yako, nenda kamsalimie mzee mmoja wa hapa, umuulize: Baba, mliporudi, nani hakuwepo? Ni kitu gani mlichojifunza ugenini mkakiingiza kanisani kwenu?

Kuna sababu nyingine ya kuandika kwa uangalifu. Gazeti hili linasomwa pia na ndugu zetu wa mashirika. Insha inayoishia kwenye wimbo inaweza kusomwa hivi: kumbe kule pametulia, watu wako tayari kurudi. Mtu aliyekwenda siku tatu kufagia kanisa na kutazama kaburi la mama yake amefanya alichokwenda kufanya. Hajasema kwamba watoto waende wakaishi kule. Ninyi mnaosoma, msimsemee. Na sisi tunaoandika, tuseme wazi kwamba siku ya nne tuligeuka, tukapanda gari la kuja Koboko, na Jumapili tukasali hapa kwenye turubai, tukiwa pungufu kwa nani na nani. Majina yao tuyaandike.