Dola 39.60: Mapenzi na Hesabu katika It Happened One Night

Filamu ya It Happened One Night, iliyoongozwa na Frank Capra na kutolewa na kampuni ya Columbia mwaka wa 1934, ni miongoni mwa kazi ambazo sifa zake huuzuia uhakiki kabla haujaanza. Ilishindania tuzo tano za Oscar, ikazitwaa zote tano: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume (Clark Gable), mwigizaji wa kike (Claudette Colbert) na mswada wa Robert Riskin. Haikupata mwenziwe katika tuzo hizo kuu tano hadi ilipotokea One Flew Over the Cuckoo's Nest ya mwaka wa 1975. Aghalabu wanaoisifu hutaja wepesi wake, majibizano yake ya papo kwa papo, na lile blanketi maarufu linalotundikwa kambani kati ya vitanda viwili na kuitwa kuta za Yeriko. Hatuna ugomvi na sifa hizo. Tunachodai ni kwamba zinaliacha kando suala linaloisukuma hadithi yenyewe, nalo ni pesa.

Msuko wake ni sahili. Ellie Andrews, binti wa tajiri, ameolewa na King Westley kinyume cha matakwa ya babake. Anaruka kutoka katika mashua ya babake huko Miami na kupanda basi la kwenda New York, ambamo anakutana na Peter Warne, mwandishi wa gazeti aliyekwisha kupoteza kazi. Tukumbuke kwamba mwaka wa 1933 takriban robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na ajira. Capra hahubiri juu ya hali hiyo. Ndani ya basi abiria wanaimba kwa furaha, kisha mara mama mmoja anazimia kwa njaa na mwanawe kuangua kilio. Kicheko kinakatika. Hapo ndipo uzito wa kazi hii unapodhihirika, na ndipo dhana iliyozoeleka katika madarasa yetu, kwamba tanzia hubeba fikra ilhali kichekesho hubeba burudani, inapoyumba.

Tuchunguze basi mwendo wa pesa. Peter anapotambua kwamba anampenda Ellie, hamposi. Anamwacha usingizini na kukimbilia New York kumwuzia mhariri wake habari kwa dola 1,000, kwa kuwa haoni vipi mwanamume ataposa mikono mitupu. (Msomaji wa mwambao hatahitaji kufafanuliwa fikra hiyo, labda atauliza tu kwa nini mshenga hakutumwa.) Ellie anaamka, anadhani ametelekezwa, na anarejea kwa babake. Baadaye Peter anafika kwa mzee Andrews. Zawadi iliyotangazwa kwa atakayempata binti huyo ni dola 10,000, lakini Peter anadai dola 39.60 pekee, na anazo hesabu zake: fedha taslimu alizotumia, koti, sanduku la safari, kofia na mashati matatu. Katika ngano zetu nyingi kijana maskini humwokoa binti mfalme akapewa nusu ya ufalme. Hapa shujaa anaukataa ufalme na kudai gharama ya mashati. Kinaya hiki kinatimia pale Westley, mume halali, anapolipwa dola 100,000 ili akubali ndoa ibatilishwe. Anayelipwa kidogo ndiye apendaye. Anayelipwa kingi analipwa aondoke.

Hata hivyo, ushindi huo wa unyofu una kasoro ambayo waliouimbia filamu hii wameipita haraka mno. Aliye na uwezo wa kununua ubatilisho ni tajiri yule yule aliyempiga bintiye kofi mwanzoni mwa filamu, kofi lililomfanya aruke baharini. Naye Peter, akiwa mbele ya mzee huyo, anasema kwamba Ellie anahitaji mwanamume wa kumtia ngumi kila siku, awe amekosa au hakukosa. Mzee anamhusudu kwa hilo. Yamkini hadhira ya wakati ule ilicheka. Kicheko hicho lakini kina mantiki yake, kwani baba na mkwe wanakutana katika lugha moja. Tofauti ya kitabaka kati yao inafutwa kwa makubaliano juu ya namna ya kumtawala mwanamke. Mhakiki anayelisifu blanketi kama ishara ya staha hana budi kuliweka kando ya ngumi hiyo, maadamu vyote viwili vimetoka kwa mhusika mmoja.

Kwa haki ya Colbert, Ellie si mhusika bapa. Barabarani, Peter anapotoa mhadhara mrefu juu ya ufundi wa kusimamisha gari kwa kidole gumba na magari yote kumpita, ni Ellie anayelisimamisha kwa kuinua sketi yake. Huko njiani, mbali na nyumba ya babake, ana akili, kauli na hila. Tazama sasa onyesho la mwisho. Babake amemnong'onezea habari ya dola 39.60 akielekea kufunga ndoa, naye amekimbia harusi. Simu ya maandishi ya kuhimiza ubatilisho imetoka kwa Peter. Malipo yametoka kwa baba. Kamera inabaki nje ya kibanda cha wasafiri, pamoja na wenye nyumba wanaoshangaa wageni hao wanataka kamba na blanketi kwa kazi gani. Tarumbeta ya kitoto inalia na blanketi linaanguka. Ellie yumo ndani, lakini hatuonyeshwi uso wake wala hatuisikii sauti yake.