Namna ya Kuipima Hofu katika Filamu za Watoto

Filamu ya fantasia, yaani ile inayojenga ulimwengu wenye kanuni zake, ambamo uchawi na viumbe vya ajabu ni mambo ya kawaida, aghalabu hupimwa kwa wingi wa damu na mapigano, kipimo ambacho ni chepesi kuhesabika lakini hakielezi mengi. Alama za umri zina manufaa yake, ingawa nazo hukosea: mwaka 1984 filamu ya Indiana Jones and the Temple of Doom, ambamo mtu anang'olewa moyo kwa mkono mtupu, ilipewa Marekani alama ya PG, inayowaachia wazazi uamuzi, na malalamiko yaliyofuata yakachangia kuzaliwa kwa daraja la PG-13 mwezi Julai mwaka huohuo.

Mpimaji makini hutazama hofu inaingilia wapi na inatokea wapi. Katika Spirited Away (2001) ya Hayao Miyazaki, Chihiro, msichana wa miaka 10, anawarudia wazazi wake aliowaacha wakila kwa pupa, giza likiwa linaingia, na baba anapogeuka, uso wake ni wa nguruwe. Tukio hilo ni zito kuliko joka lolote, kwa kuwa aliyegeuka ndiye ambaye mtoto angemkimbilia. Hata hivyo filamu haimtelekezi: baadaye Haku, mvulana anayemsaidia, anampa matonge ya wali, Chihiro anakula huku machozi makubwa yakimdondoka, na mtazamaji mdogo naye anashusha pumzi.

The NeverEnding Story (1984) ya Wolfgang Petersen ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Farasi Artax anazama kinamasini kwa sababu huzuni imemlemea, huku mpandaji wake, mvulana Atreyu, akivuta hatamu na kumsihi. Hapana damu wala upanga, na mwenye kuhesabu mapigo hataandika lolote. Farasi huyo huonekana tena mwishoni, lakini kwa mtoto wa miaka 5 mwisho uko mbali mno.

Mazimwi yenyewe si hoja, kwani watoto wa Pwani wamelala nayo hadithini vizazi na vizazi; ila bibi aliyesimulia aliweza kupunguza sauti alipoona macho yamemtoka mjukuu, jambo lisilowezekana kwa skrini. Mwenye kushika rimoti ndiye anayerithi kazi hiyo, na hataiweza asipoitazama filamu nzima kabla ya mtoto, tena kwa sauti kamili, maana mara nyingi muziki ndio unaotisha kabla zimwi halijatokea.