"Furaha" Peke Yake Haitoshi

Ni kawaida katika madarasa ya Kiswahili neno la Kiingereza "merriment" kufasiriwa kuwa furaha. "Joy" nalo, furaha. "Mirth", furaha tena. Tafsiri hii haivunji sarufi, lakini inamnyima mwanafunzi kitu ambacho tayari anacho, hasa yule wa Rumonge na vijiji vya Burundi vilivyo kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Furaha, neno lenye asili ya Kiarabu, hukaa moyoni. Mama anaweza kuwa nayo kimyakimya na jirani asijue. "Merriment" husikika, nayo huhitaji watu. Kwa hiyo maneno yanayoikaribia ni shangwe, nderemo, vifijo na hoihoi. Tunasema nderemo za harusi. Hatusemi mtu alijifungia chumbani peke yake akafanya nderemo. Tena shangwe zaweza kupigwa na watu wasio na furaha hata chembe, kama umati ulioamriwa kumpokea mgeni. (Mikusanyiko ya namna hiyo wasomaji wetu wanaijua.)

Kuna na bashasha, ambayo ni ya usoni. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa hizo hazivuti samaki vizuri. Asubuhi yake muuzaji sokoni Rumonge aweza kumkaribisha mteja kwa bashasha tele. Furaha hana. Mwanafunzi aliyefundishwa neno moja tu ataielezaje sura ile?

Kirundi hakikosi tofauti hizi. Umunezero ni wa moyoni, akanyamuneza huonekana usoni, na impundu ndivyo vigelegele vyetu. Kiswahili nacho kimesikika ufukweni huko tangu enzi za wafanyabiashara wa Ujiji, karne ya 19. Mtoto wa hapo aweza kutoka akanyamuneza hadi bashasha moja kwa moja. Kumzungusha kupitia Kifaransa au Kiingereza, kisha kumkabidhi "furaha", ni hasara tupu.

Wapo watakaosema anayeanza apewe neno moja kwanza. Kwa wiki za mwanzo tunakubali. Lakini tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wahitimu wetu wanatarajiwa kutafsiri hotuba na habari. Atakayeandika "furaha" mahali ambapo umati ulipiga shangwe atakuwa amemweleza msomaji hali ya mioyo ya watu, ilhali alichosikia ni sauti zao tu.