"Kampuni Mama" katika Sheria za Bima

Tangu sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini, wafasiri wamezidi kukutana na "kampuni mama". Katika bima hatuikubali istilahi hiyo. Mama huzaa, sheria haiulizi nani alizaa, bali nani ana kura nyingi na nani huteua wakurugenzi. Kampuni kongwe iliyonunuliwa jana ina mama gani?

Msomaji wa Rubafu, huko Bukoba, atatuelewa upesi. Katika nyarubanja, iliyoanza kufutwa kwa sheria ya mwaka 1965, mtwarwa hakuwa mtoto wa mwenye ardhi, alitawaliwa tu. Mvuvi wa huko akiikatia bima injini ya mtumbwi wake, neno "mama" litamfanya adhani kwamba kampuni ikifilisika yupo mzazi wa kulipa. Kumbe kila kampuni ni mtu mbali mbele ya sheria, na mwenye hisa kwa kawaida halazimiki kulipa madeni yake.

"Kampuni hodhi" inanuka ulanguzi. "Kampuni simamizi" ingetupendeza, lakini usimamizi ni kazi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tunapendekeza "kampuni tawala", kama tusemavyo "chama tawala". Na iliyo chini yake iitwe "kampuni tawaliwa", kwani tanzu ni sehemu ya mti, si mti wa pili.