Sikio la Injini na Mkono wa Fundi

Miongoni mwa kazi za gereji imo moja isiyompatia fundi sifa mtaani, kwa kuwa ikifanyika vizuri hakuna kinachoonekana wala kusikika, nayo ni kubadilisha sensa ya noki katika gari lililokwisha kula miaka. Noki hutokea pale ambapo sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, ambayo haijafikiwa na mwali ulioanzishwa na cheche ya plagi, inalipuka yenyewe kwa joto na mgandamizo, ikazusha mawimbi ya shinikizo yanayotikisa kuta za silinda maelfu ya mara kwa sekunde. Injini inayoachwa katika hali hiyo huishia kutoboka pistoni.

Kwa miongo mingi tiba ya noki ilikuwa madini ya risasi yaliyochanganywa katika petroli, baada ya Thomas Midgley kugundua uwezo wake mwaka 1921. Tiba hiyo ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa, na Algeria, nchi ya mwisho kuuza petroli hiyo kwa magari, iliachana nayo mwaka 2021. Sensa ni tiba ya namna nyingine. Ndani yake mna kipande cha kauri kinachotoa umeme kidogo kila kinapotikiswa, kwa kanuni ambayo ndugu Jacques na Pierre Curie waliionyesha mwaka 1880, na kompyuta ya injini ikipokea dalili ya noki huichelewesha cheche kidogo hadi mtikisiko utulie.

Ugumu wa kazi yenyewe unaonekana vizuri katika Toyota Harrier ya toleo la kwanza yenye injini ya 1MZ-FE, ambayo ni V6 ya lita 3.0. Sensa zake mbili zimefichwa katika bonde lililo kati ya safu za silinda, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Waya ukikatika, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi na mashine ya kupimia husoma P0325 au P0330. Kompyuta, ikiwa imepoteza sikio, huchagua usalama na kuichelewesha cheche, hivyo gari hupanda mlima wa Kitonga kwa kusuasua huku likinywa petroli. Wengi hudhani taa hiyo inatangaza kwamba injini inanoki, kumbe inasema tu kwamba kompyuta haisikii.

Kwa hiyo fundi wa kweli hupima kabla ya kufungua. Sensa za aina hii hazipaswi kupitisha umeme kati ya ncha na gamba lake, jambo ambalo multimita hulijibu mara moja, na si ajabu akakuta sensa ni nzima ila waya umekauka kwa joto au umetafunwa na panya. Manifoldi ikishang'olewa, huziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi, maana nati moja ikidondokea humo huzaa kazi kubwa kuliko ile iliyomleta. Kisha husugua mahali sensa inapokaa hadi chuma kitupu, hapaki silikoni wala kuongeza washa, na hukaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa sababu sensa iliyolegea haisikii vizuri na iliyokazwa kupita kiasi hupasuka. Sensa iliyoanguka sakafuni, hata kama ni mpya, haifungi.

Wapo wanaounganisha waya wa upande mbovu na sensa ya upande mzima. Taa huzimika, mteja hufurahi, lakini silinda tatu hubaki bila mlinzi. Huko si kutengeneza gari, ni kuidanganya kompyuta.

Mwenye gari anayepewa bili ya kazi hii asishangae kwamba malipo ya ufundi yamezidi bei ya spea, kwa kuwa saa nyingi huishia kwenye kufungua na kufunga. Abadilishe sensa zote mbili pamoja na waya wake kwa mkupuo mmoja, na asikubali gasketi za zamani zirudishwe.