Helmeti Yenye Muziki: Fundi wa Mwatate Ametuweza!

Jamani, nimeisikia! Nimepanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, Taita Taveta, huku gitaa likilia sikio la kushoto, ngoma zikijibu la kulia, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Ndani ya helmeti yangu hii hii ya kila siku! Kilichoongezwa ni spika mbili za hedifoni kuukuu, waya, matone machache ya lehemu na gundi ya pande mbili. Pamoja na malipo ya fundi, haikufika shilingi elfu moja. Vifaa vya kampuni kama Cardo na Sena ni vizuri mno, navyo vinaweza kukugharimu makumi ya maelfu. Hiki cha Mwatate ni cha mtu wa bodaboda mwenye watoto wa kusomesha, na ni moto wa kuotea mbali!

Hebu niwaeleze jinsi kinavyoundwa, maana uzuri wote umo humo. Fundi wangu ni wa simu, ana kibanda karibu na stendi. Spika za redio hazitaki kabisa. Anatafuta zile hedifoni kubwa ambazo watu huzitupa waya ukikatika, anazipasua na kutoa spika bapa zenye upana wa milimita 40 hivi. Nyingi zina ukinzani wa omu 32, na tundu la hedifoni la simu limeundwa kusukuma mzigo wa aina hiyo. Ukiweka spika ya redio ya omu 4, simu inazidiwa. Utapata sauti dhaifu inayokwaruza. Takataka ya hedifoni inaishinda spika mpya ya dukani!

Halafu zikaja nyaya. Ni nyembamba sana, nazo zimepakwa rangi inayozuia umeme, kwa hiyo lehemu haishiki hivi hivi. Fundi alibana ncha ya waya mwekundu, akaigusa kwa chuma cha moto chenye utomvu wa kulehemia, moshi mwembamba ukapanda, rangi ikaungua na shaba ikatokeza inang'aa. Alipoweka tone, likashika palepale. Mafundi wengi huruka hatua hii, ndiyo maana spika zao hukatakata sauti baada ya wiki.

Lakini kilichoniacha hoi ni upimaji. Alinivalisha helmeti, akaweka wimbo, akaingiza vidole chini ya kitambaa cha ndani na kuanza kuisogeza spika taratibu. "Kaka, besi ikija sema." Mbele kidogo, hakuna kitu. Juu kidogo, sauti kama ya kopo. Nyuma upana wa kidole kimoja, na besi ikaja! Nilipiga kelele mpaka wateja wa jirani wakageuka. Shikeni hili: spika ikae mkabala na tundu la sikio, karibu bila kuligandamiza. Upana wa kidole ndio unaotenganisha muziki na kelele.

Barabarani sasa. Kupanda Wundanyi ni kona juu ya kona, mwendo ni wa pole, upepo haujakolea, na hapo kifaa hiki kinatawala. Kila neno la mwimbaji linasikika. Na kwa vile spika ziko nje ya sikio, hazijaliziba, honi ya matatu iliyokuwa ikishuka niliisikia vizuri kabla sijaiona. Ramani ya simu nayo ikawa inanong'ona njia, simu yenyewe ikiwa mfukoni. Mtu akinipigia nasikia mlio, naegesha kando, naongea.

Na redio! Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Kwa hiyo waya wa helmeti ndio antena yangu, na Mwanedu FM ikaingia na lugha yake ya Kidawida bila kula bando hata kidogo. Fundi anaweza kukufungia Bluetooth, lakini mimi nachagua waya: hauna betri ya kuchaji, na plagi huchomoka yenyewe ukivutwa, jambo zuri sana siku ya kuanguka.

Barabara ya Voi ndiyo mtihani mgumu. Imenyooka, mkonge huku na huku, na mkono unatamani kuvuta mafuta. Ukikaza mwendo, upepo unaanza kumeza besi, kisha ngoma zinafuata. Usishindane nao kwa kupandisha sauti! Kwenye kilomita 100 kwa saa, kelele za upepo ndani ya helmeti zinaweza kupita desibeli 90, na wataalamu wa afya kazini hupendekeza kikomo cha wastani wa 85 kwa saa nane. Funga kioo, punguza mwendo, muziki utarudi. Na ukielekea Maktau, ambako ndovu huvuka barabara, zima kabisa, uachie macho na masikio kazi yake.

Sharti moja sitalegeza: lile povu gumu jeupe ndani ya helmeti lisiguswe kwa kisu. Hilo ndilo linalopondeka badala ya fuvu lako. Spika ikae kwenye nafasi ya sikio, chini ya kitambaa, kwa gundi ya pande mbili. Gundi kali za matone zinaweza kuliyeyusha povu hilo, zikae mbali. Kama helmeti yako haina nafasi hiyo, tafuta spika nyembamba zaidi.

Na sasa sababu hasa ya furaha yangu. Sheria ya trafiki inamtaka mwendesha pikipiki avae helmeti, na utafiti uliokusanya ushahidi wa nchi nyingi mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hata hivyo, ngapi zinaning'inia kwenye vioo vya pikipiki stendi nzima? Joto, jasho, uzito, kila mtu ana kisingizio chake. Spika hizi zinakigeuza kisingizio kuwa hamu. Rafiki yangu wa bodaboda, ambaye helmeti yake ilikuwa ya kuonyesha askari tu, aliijaribu yangu na hakutaka kuirudisha. Siku hizi anaivaa hata akienda kununua maziwa!

Wanabodaboda wa Mwatate, Bura, Voi na Wundanyi, fukueni zile hedifoni mbovu zilizolala kabatini, mpelekeeni fundi wa simu mnayemwamini, na mkae hapo mpaka besi ije. Helmeti inayopendwa ndiyo inayovaliwa.